Mguu ni Wangu

Shangazi yangu aliishi na sukari miaka mingi, hadi ikamshukia mguuni. Kilianza kidole gumba cha mguu wa kushoto: kikawa cheusi, kikavimba, kikaanza kunuka. Tulipomfikisha hospitali, daktari alikitazama, akarudisha shuka, kisha akamwita binamu yangu mkubwa nje ya wodi. Walizungumza kwa sauti ya chini pale koridoni. Binamu aliporudi, kalamu ilikuwa bado mkononi. Alikuwa ameshatia saini. Kesho yake asubuhi, walipokuja na kitanda cha magurudumu kumpeleka thieta, shangazi alishika chuma cha kitanda chake kwa mikono miwili, akauliza: "Mbona aliyesemeshwa ni mwanangu, na mguu ni wangu?"

Hakuna aliyemjibu. Kitanda cha magurudumu kikarudi kitupu.

Mimi ni wakili, na kazi yangu kubwa ni mashauri ya wagonjwa. Nimesoma hukumu nyingi kuhusu ridhaa, na sijaona iliyoliweka jambo wazi kuliko swali lile. Shangazi alikuwa na umri wa miaka sabini na kitu, hakuwahi kukaa darasani, lakini akili yake ilikuwa timamu kama yangu na yako. Kisheria saini ya mwanawe haikuwa na nguvu yoyote juu ya mguu ule.

Kenya tuna Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Kifungu cha 9 kinakataza mgonjwa kupewa huduma bila ridhaa yake, na ridhaa yenyewe ni ile ya mtu aliyekwisha kuelezwa. Aelezwe nini? Jibu liko katika kifungu cha 8: hali ya afya yake, vipimo na matibabu yaliyopo, faida zake, hatari zake, gharama zake, na haki yake ya kukataa pamoja na yatakayofuata akikataa. Tena aelezwe kwa lugha anayoifahamu, kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu.

Litazame tena hilo la kukataa. Wengi hudhani kwamba mgonjwa akikataa amevunja utaratibu, amemkosea daktari adabu. Sheria yetu inamtaka daktari mwenyewe amwambie mgonjwa kwamba anaweza kukataa. Ikiwa hukuwa na nafasi ya kusema hapana, ile ndiyo yako haina uzito.

Kwa hiyo kumwambia mtu, "Mama, tutakufanyia kaoperesheni kadogo," hakutoshi. Shangazi alistahili kuambiwa kama kitakatwa kidole tu au mguu hadi chini ya goti. Alistahili kujua iwapo dawa na kusafisha kidonda bado vina nafasi, na akingoja wiki moja nini kinaweza kutokea. Atapewa nusu kaputi au atachomwa ganzi ya mgongoni? Kidonda cha mwenye sukari hupona pole pole kiasi gani? Mguu wa bandia unapatikana, na kwa bei gani? Daktari huyajua haya kwa moyo. Kuyasema yote kunataka muda, na wodi zetu zina wagonjwa wengi kuliko mikono. Ninalielewa hilo, nimekaa na wauguzi wanaohudumia wodi nzima usiku kucha. Bado maelezo ni sehemu ya matibabu, kama ilivyo kupima presha.

Zamani mahakama za Uingereza, ambako sheria yetu imechota mengi, ziliwaachia madaktari wenyewe kuamua mgonjwa aambiwe kiasi gani. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliachana na njia hiyo, katika kesi ya mama mmoja wa Scotland. Alikuwa na kisukari, na mwenye kimo kifupi. Kwa mama wa hali hiyo, uwezekano wa mabega ya mtoto kukwama wakati wa kuzaliwa ni kati ya asilimia 9 na 10. Daktari hakumwambia, kwa kuhofia kwamba angechagua kujifungua kwa upasuaji. Mabega yakakwama, mtoto akakosa hewa, akazaliwa na ulemavu. Majaji walisema kipimo ni kile ambacho mgonjwa aliye katika hali hiyo angekiona kina uzito kwake. Hofu ya daktari kwamba mama angechagua upasuaji ndiyo hasa iliyoonyesha kwamba alipaswa kuambiwa.

Turudi kwenye karatasi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huumizwa. Fomu ya ridhaa huwa ni ukurasa mmoja. Juu kuna nafasi ya jina, katikati jina la upasuaji, mara nyingi kwa Kiingereza au kwa herufi tatu za mkato, chini mstari wa saini na mwingine wa shahidi. Ikisha kusainiwa, mtu huambiwa, "Wewe si ulikubali?"

Namibia walilijibu swali hilo. Wanawake watatu waishio na virusi vya UKIMWI walifungwa mirija ya uzazi katika hospitali za serikali walipokwenda kujifungua kwa upasuaji. Saini zao zilikuwepo. Lakini walikuwa wameletewa fomu wakiwa katika uchungu, na kilichoandikwa ni vifupisho vya kidaktari ambavyo mtu asiye daktari hawezi kuvijua. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 2012, na mwezi Novemba 2014 Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu hiyo: saini si ridhaa, na uamuzi wa kufunga kizazi haufanywi na mtu anayepambana na maumivu ya kuzaa. Hoja kwamba walifanyiwa hivyo kwa sababu ya virusi haikuthibitishwa mbele ya majaji, na wanawake wale walishinda kwa ridhaa peke yake.

Huku kwetu kesi za namna hiyo zilifunguliwa Nairobi mwaka 2014, na katika mojawapo Mahakama Kuu ikatoa hukumu mwaka 2022, ikiona kwamba haki za mwanamke aliyeshtaki zilikiukwa. Baadhi ya wanawake walioshtaki walieleza kwamba upasuaji ule uliambatanishwa na msaada wa chakula na maziwa ya mtoto. Mama ana njaa, ana kichanga, mbele yake kuna mfuko wa unga na fomu. Nashindwa kuita hilo uchaguzi, na kungoja miaka minane kusikia mahakama ikilisema kunaniuma hadi leo.

Lipo jingine linalonikera, nalo halimo katika kifungu chochote: saini ya mume. Mara ngapi nimeona mama ameketi na karatasi, ameshaamua, anaambiwa, "Mpigie baba watoto kwanza"? Mke mwenye umri wa miaka kumi na minane au zaidi, akiwa na akili timamu, hutia saini yake mwenyewe. Mume anaweza kushauriwa, na ni vizuri washauriane kama wanaelewana, lakini ruhusa yake haihitajiki. Ndivyo ilivyo pia kwa mwana na mamake, kwa kaka na dadake. Jamaa huingia pale tu mgonjwa anapokuwa hawezi kuamua, na hata hapo anatangulizwa mtu ambaye mgonjwa alimteua kwa maandishi, au aliyepewa mamlaka na sheria au mahakama. Akikosekana huyo, ndipo huulizwa ndugu wa karibu. Nawahimiza wateja wangu waandike jina la mtu huyo mapema, watie saini mbele ya shahidi, na wamwambie mwenyewe. Karatasi hiyo moja huzuia ugomvi mwingi wa mlangoni pa wodi.

Na mgonjwa akikataa? Jijini London, mapema miaka ya 1990, jaji alipelekewa shauri la mgonjwa wa akili wa hospitali ya Broadmoor, mzee wa miaka 68 aliyeamini kwamba yeye ni daktari mashuhuri. Mguu wake ulikuwa umeoza. Madaktari walisema asipokatwa chini ya goti, nafasi yake ya kuishi ni asilimia 15. Akakataa. Jaji hakuuliza kama mzee ana ugonjwa wa akili, maana hilo lilijulikana. Aliuliza kama amelielewa na kulishika aliloambiwa, analiamini, na anaweza kulipima hadi afikie uamuzi. Akaona anaweza, akapiga marufuku kumkata bila ridhaa yake ya maandishi. Mzee akaishi na mguu wake. Hata kama angekufa, hukumu ingebaki kuwa sahihi.

Hospitali nyingi humpa anayekataa fomu nyingine, ya kukiri kwamba amekataa kinyume cha ushauri. Aisome, inaonyesha kwamba alielezwa, na haimwondolei haki ya kupewa dawa za maumivu, kufungwa kidonda, wala kurudi kesho akiwa amebadili nia. Kumwambia mgonjwa, "Ukikataa hiki, usirudi hapa," ni makosa.

Mipaka ipo. Mtu aliyeletwa hana fahamu baada ya ajali ya bodaboda hangojewi aamke, ila kama ilijulikana kwamba alikwisha kukataa huduma hiyo. Mtoto naye huamuliwa na wazazi, lakini Katiba, katika ibara ya 53, inatanguliza maslahi ya mtoto. Mzazi anaweza kujinyima hospitali kwa ajili ya imani yake, ila hawezi kumnyima mwanawe damu inayohitajika usiku huu. Jirani zetu wa Tanzania walipunguza mwaka 2019 umri wa kijana kupima virusi vya UKIMWI bila idhini ya mzazi, kutoka miaka 18 hadi 15, kwa sababu kijana aliyeogopa kumwomba mzazi alikuwa hapimwi kabisa.

Maradhi ya kuambukiza ni mtihani mgumu zaidi. Mwaka 2010, hapa Kenya, wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dawa walikamatwa, wakafikishwa mahakamani Kapsabet, wakapelekwa gerezani, ambako watu hulala wamebanana na hewa ni haba. Walikaa siku 46 kabla ya kuachiliwa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema wazi kwamba serikali inaweza kumtenga mgonjwa anayehatarisha wengine, lakini gereza si mahali pa kutibiwa kifua kikuu, na kifungo kile kilivunja Katiba.

Shangazi alikaa siku mbili bila kukubali wala kukataa. Siku ya tatu jioni alikuja daktari kijana, akamwamkia shikamoo, akavuta kiti, akakaa. Akachora mguu nyuma ya karatasi ya vipimo, akamwonyesha kwa kalamu uozo umefika wapi na wapi angekata. Shangazi aliuliza maswali mengi. La mwisho lilikuwa: "Kipande kikikatwa, kinakwenda wapi?" Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema watapewa wenyewe wakakizike kama dini inavyotaka.

"Hilo ndilo nililotaka kujua," akasema, akaomba wino wa kidole. Alikatwa nusu ya wayo. Binamu yangu alipewa kifurushi kidogo kilichofungwa kwa kitambaa cheupe, akakipeleka makaburini alasiri hiyo hiyo, akakizika karibu na kaburi la baba yake. Aliporudi wodini, shangazi alimtaka aeleze mahali penyewe, upande gani na hatua ngapi kutoka kwenye mwarobaini.