Sura ya 7: Mimba, Bosi na Kalenda

Mjamzito anayeichukia kazi yake huja kwangu akiwa ameshashauriwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mashangazi na majirani, waliomwambia kwamba akizidi kumchukia msimamizi wake, mtoto atazaliwa anafanana naye. Usicheke. Wenye shahada zao huniuliza hilo kwa sauti ya chini, nami hujibu vilevile kila mara: mtoto hufanana na wazazi wake, na kama bosi si mmoja wao, lala usingizi. Wa pili ni wahamasishaji wa mitandaoni, ambao kwao kila kazi inayochosha ni utumwa na kila barua ya kuacha kazi ni ushujaa. Mahali shangazi na mhamasishaji wanapokutana ni pale wanaposema mtoto huja na riziki yake. Riziki siipingi. Ila kodi ya nyumba ina tarehe.

Nilikusudia sura hii iwe na maswali matatu: kazi inakudhuru au inakukera tu, mkataba unasemaje, akiba itawabeba miezi mingapi.

La kwanza tulipite haraka. Huku Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kumwacha mjamzito kwenye kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto, na inamtaka ampe kazi nyingine inayofaa, ikiwezekana, kwa masharti yasiyopungua ya awali. Dai hilo kabla ya kufikiria kuondoka. Kazi isiyovumilika ni jambo jingine: ikiwa mwajiri ndiye aliyeifanya isivumilike, sheria inahesabu kuwa umeachishwa hata kama barua umeiandika wewe, na shauri unalipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kutopandishwa cheo hakumo humo.

Swali la pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wengi wanajua kuwa likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, au 100 kwa aliyejifungua mapacha. Wanaojua kwamba aliyemtumikia mwajiri chini ya miezi 6 hana haki ya likizo yenye malipo ni wachache mno. Watu wanadhani miaka yao ya kazi wanahama nayo, kama masufuria. Hawahami nayo. Kwa mwajiri mpya unaanza sifuri.

Chukua mfano wa binti mmoja mhasibu. Alikuwa analipwa shilingi 800,000, miaka 3 bila nyongeza, chini ya msimamizi aliyemfokea mbele ya wateja. Mimba ikiwa ya miezi 5 akapata kazi ya shilingi 1,050,000. Nyumbani vigelegele: riziki ya mtoto hiyo! Sasa tupige hesabu. Ongezeko la 250,000 kwa miezi 4 hadi kujifungua ni 1,000,000. Siku 84 kwa mshahara wa zamani, mwezi ukiwa wa siku 30, ni 2,240,000. Binti amepoteza 1,240,000 kabla hajanunua nepi hata moja. Na bado. Sheria hiyohiyo inazuia mama kufanya kazi ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kuwa anaweza. Kwa hiyo kufanya kazi haruhusiwi, na kulipwa si haki yake. Hata ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali nao unadai miezi 6. Lililobaki kumkinga ni katazo la ubaguzi.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba angeweza kujadiliana. Sheria inaweka kima cha chini, na hakuna kinachomzuia mwajiri kuandika kwenye mkataba kwamba likizo italipwa hata kabla ya miezi 6. Walikuwa wanamhitaji, maana mhasibu wao alikuwa ameondoka ghafla. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kuwa mimba haitangazwi, wenye husuda ni wengi. Husuda! Jicho la jirani halijawahi kumkata mtu mshahara. Na kwa anayetaka likizo, sheria inataka mwajiri apewe taarifa, pamoja na cheti cha daktari, angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matazamio. Siri ya namna hiyo haifiki mbali.

Swali la tatu nililitengea kurasa, naona mhasibu amezila. Kwa ufupi: ishini miezi 2 kwa mshahara wa mmoja wenu tu, wa pili msiuguse. Mkishindwa, jibu mmelipata.

Sisemi ubaki pale milele. Nasema ondoka ukiwa umeshachukua kilicho chako: siku 84, saa 2 kwa siku za kunyonyesha, na likizo ya mwaka ya siku 28, ambayo waajiri wengine hukubali kuiunganisha ukiomba mapema. Kazi mpya itafutwe mtoto akiwa mkononi, na tarehe ya kuanza uichague wewe.

Yule mhasibu alijifungua salama, mtoto wa kiume, kafanana na baba yake. Alirudi kazini siku ya 43, arobaini ya mtoto ikiwa imepita kwa siku 3, bila kulipwa hata siku moja ya likizo.