Mtoto wa jicho, leza na wiki nne za kupona: mambo ya kujua kabla ya kushuka hospitali

Kila tunapozungumzia afya ya macho hewani, swali moja halikosekani: "Mama yangu ana mtoto wa jicho. Tumesikia siku hizi wanatumia leza, mtu hakatwi. Ni kweli?"

Mara nyingi nyuma ya swali hilo kuna jambo zito zaidi. Mama anaogopa kisu, kwa hiyo anasubiri leza. Wakati anasubiri, mjukuu ndiye anayemshika mkono kwenda kisimani na chooni, na siku nyingine mjukuu huyo haendi shule. Ndiyo maana tumeona tuyaandike haya, uyasome taratibu kwenye simu yako au umsomee mzee hapo nyumbani.

Mtoto wa jicho ni nini

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi. Mtu akiwa kijana lenzi hiyo ni angavu kama maji safi ya chemchemi. Umri ukienda, inaanza kuwa na ukungu, mwanga unapita kwa shida, na mtu anaona kama asubuhi ya ukungu kule Chome. Huo ukungu ndio mtoto wa jicho. Si ngozi iliyoota juu ya jicho, na wala hauambukizi.

Uzee ndio chanzo kikubwa. Kisukari, kuumia jicho, uvutaji wa sigara na kutumia dawa fulani kwa muda mrefu huweza kuuleta mapema. Wapo pia watoto wanaozaliwa nao, na hao wanatakiwa kupelekwa hospitali haraka, kwa sababu jicho la mtoto lisipoona mapema halijifunzi kuona.

Hakuna dawa ya matone, kidonge wala majani yanayouondoa. Maji ya majani yakitiwa jichoni yanaweza kuleta kidonda kwenye kioo cha jicho, na kidonda hicho kikiacha kovu, hata upasuaji wa mtoto wa jicho hautarudisha uoni wote.

Je, leza inauondoa?

Jibu fupi ni hapana. Leza ni mwanga mkali unaoelekezwa mahali padogo sana. Katika matibabu ya macho ina kazi zake, na ni vizuri kuzitenganisha.

Kwanza, kuna leza ya kurekebisha uoni ili mtu aache miwani. Hii hubadilisha umbo la kioo cha mbele cha jicho. Inawafaa watu wazima, kuanzia miaka 18 na kuendelea, ambao namba ya miwani yao haibadilikibadiliki. Anayefanyiwa hukaa macho, jicho likiwa na ganzi ya matone, na kazi huisha kwa dakika chache. Siku ya kwanza jicho huwasha na kutoa machozi, kisha wengi huona vizuri ndani ya siku moja au mbili, ingawa ukavu wa macho unaweza kuendelea kwa miezi. Leza hiyo haigusi mtoto wa jicho kabisa.

Pili, kuna leza ya wagonjwa wa kisukari ambao mishipa ya nyuma ya jicho imeharibika. Kazi yake kubwa ni kuzuia uharibifu usiendelee. Uoni uliokwisha kupotea mara nyingi haurudi, ndiyo maana mwenye kisukari anapaswa kupimwa macho kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Tatu, kuna leza inayotumika baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho. Miezi au miaka ikipita, utando mwembamba unaoshikilia lenzi mpya unaweza kufanya ukungu, na mtu anasema "mtoto wa jicho amerudi." Hajarudi. Leza hutoboa utando huo kwa dakika chache, bila kukata, na mtu anaona tena.

Zipo hospitali katika nchi tajiri ambako leza husaidia hatua za mwanzo za upasuaji wa mtoto wa jicho. Hata huko, lenzi yenye ukungu hutolewa kupitia tundu dogo. Anayesubiri leza ili asikatwe anasubiri kitu kisichokuja.

Usingoje ukomae

Zamani wazee waliambiwa wangoje mtoto wa jicho akomae. Siku hizi si lazima. Mtu akianza kushindwa kazi zake, kama kuchambua mchele, kutambua noti au kushuka njia ya mawe bila kujikwaa, ni wakati wa kupimwa. Ukiachwa mno, lenzi inaweza kuvimba, presha ya jicho ikapanda, na jicho likaharibika moja kwa moja.

Anzia kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Wilaya ya Same, upate maelekezo na rufaa. Kwa watu wa ukanda wetu, KCMC mjini Moshi ina idara ya macho inayofahamika kwa miaka mingi. Uliza pia kama kuna kambi ya macho inayotarajiwa wilayani.

Beba kadi ya bima kama unayo. Sera ya nchi inatoa msamaha wa gharama kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, kwa hiyo pitia ofisi ya kijiji upate barua au kitambulisho, na ukifika hospitali uliza dawati la ustawi wa jamii. Beba dawa zote unazotumia. Watapima presha ya damu, sukari, presha ya jicho, na ukubwa wa jicho ili wachague lenzi inayokufaa.

Siku ya upasuaji

Kwa mtu mzima, kwa kawaida hakuna kulazwa usingizi. Jicho linatiwa ganzi. Unasikia sauti za wahudumu, unaona mwanga, pengine unahisi kuguswa, lakini hupaswi kusikia maumivu. Ukisikia, sema bila kusogeza kichwa. Jicho halitolewi nje ya kichwa, kama wengine wanavyohofia.

Daktari hufungua tundu dogo, anaitoa lenzi yenye ukungu, kisha anaweka lenzi ya plastiki mahali pake. Mara nyingi tundu hilo hujifunga lenyewe bila kushonwa. Kazi yote kwa kawaida haizidi nusu saa, na hufanywa jicho moja kwanza.

Wengine hutuuliza kama mwili hautaikataa hiyo plastiki. Daktari Harold Ridley aliweka lenzi ya kwanza ya aina hiyo mjini London mwaka 1949. Alikuwa amegundua kwamba vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege za kivita, vilivyoingia machoni mwa marubani, vilikaa humo bila kuleta shida kubwa. Lenzi hiyo hukaa maisha yote, haihitaji kubadilishwa wala kusafishwa.

Wiki nne za kupona

Hapa ndipo familia inapohitajika. Upasuaji ni dakika, kupona ni wiki.

Kesho yake bandeji hutolewa. Wapo wanaoona vizuri palepale, na wapo wanaoona ukungu kwa siku kadhaa. Jicho likiwa jekundu kidogo, likiwasha kama lina mchanga na likiumizwa na mwanga, ni kawaida mradi hali inapungua siku hadi siku. Rangi nazo huonekana kali, nyeupe inakuwa nyeupe kweli.

Dawa ya matone hutumika kwa wiki kama nne. Usiache kwa sababu umeanza kuona. Anayetia dawa anawe mikono kwa sabuni, avute kope ya chini taratibu, adondoshe tone moja, na ncha ya chupa isiguse jicho. Kama dawa ni mbili, mpishane dakika tano.

Usisugue jicho. Usiku lala na kikinga jicho ulichopewa. Wakati wa kuoga, osha uso kwa kitambaa safi chenye unyevu, maji yasiingie jichoni. Maji ya ndiva na ya mfereji yasikaribie jicho hilo kabisa.

Usibebe mzigo wala kuinama kichwa chini mpaka daktari aruhusu. Kwa mama wa Mamba Miamba maana yake ni kuacha gunia la tangawizi, mzigo wa kuni na ndoo ya maji. Kwa mzee wa Ndungu maana yake ni kutoingia kwenye majaruba ya mpunga. Jikoni kwenye moshi wa mafiga, apike mwingine. Ukisafiri tambarare penye upepo na vumbi, vaa miwani ya kukinga. Kwa Muislamu, muulize daktari kuhusu kusujudu. Siku za mwanzo unaweza kuswali umeketi.

Rudi kliniki siku zote ulizopangiwa. Baada ya wiki kadhaa utapimwa tena, na huenda ukahitaji miwani ya kusomea. Hiyo haina maana kwamba upasuaji umeshindwa. Lenzi mpya kwa kawaida huona mbali vizuri, lakini Biblia, Kurani au ujumbe wa simu huhitaji miwani.

Rudi hospitali siku hiyohiyo ukiona haya

Maumivu yanayozidi. Wekundu unaoongezeka. Usaha. Uoni uliokuwa umekuja kisha ukapungua. Mwanga kama wa radi, au madoa meusi mengi yanayoelea ghafla, au kivuli kama pazia. Usingoje tarehe ya kliniki, na usingoje siku ya gulio ndipo upate usafiri.

Kaeni kikao kabla ya safari

Tunawaomba mkae nyumbani kabla mzee hajashuka, mkubaliane mambo manne: nani atachota maji na kukata kuni kwa mwezi mmoja, nani atatia dawa kila siku, nani atamrudisha kliniki, na nauli ya kurudi imewekwa wapi. Mtu asiyepangiwa haya hufika nyumbani akainua ndoo siku ya tatu, kwa sababu hakuna mwingine wa kuinua.

Na yule mjukuu msimsahau. Mzee akianza kutembea mwenyewe, mtoto anarudi darasani. Katika nyumba moja, jicho moja likifunguka, wawili wanapata njia.