Siku Moja Juu ya Matumbawe ya Bonaire

Kusini mwa Bahari ya Karibi, kilometa zipatazo 80 kutoka pwani ya Venezuela, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Bonaire. Eneo lake ni kilometa za mraba 288 tu, na tangu mwaka 2010 kisiwa hiki ni manispaa maalumu ya Uholanzi. Upande wake wa mashariki hupigwa na pepo zivumazo karibu mwaka mzima kutoka Atlantiki. Upande wa magharibi umekingwa na nchi kavu, na aghalabu maji yake hutulia kama maji ya bwawa. Fukwe za upande huo ni nyembamba na nyingi zimejaa vipande vyeupe vya matumbawe yaliyokufa badala ya mchanga. Lakini mtu akiingia majini na kuogelea kidogo tu, huikuta miamba ya matumbawe iliyo hai chini yake.

Ili kuitazama miamba hiyo hahitaji mashua wala mtungi wa hewa. Vifaa vitatu vinamtosha: miwani ya kuzamia yenye kioo, bomba fupi la kupumulia, na mapezi ya mpira ya kuvaa miguuni. Makala haya yanafuata siku moja ya mwogeleaji wa namna hiyo, toka asubuhi hadi jioni, ili kueleza kanuni za sayansi anazokutana nazo, na msiba mmoja mkubwa uliobadilisha sura ya bahari ile.

Jicho na pumzi

Mtu afumbuapo macho ndani ya maji bila miwani huona ukungu mtupu. Sababu yake ni rahisi. Nuru hupinda inapotoka katika hewa na kuingia katika sehemu ya mbele ya jicho, na kupinda huko ndiko kunakosaidia kutengeneza taswira iliyo wazi. Maji yanakaribia kuipinda nuru sawasawa na sehemu hiyo ya jicho. Kwa hiyo, jicho linapogusana na maji, sehemu kubwa ya nguvu yake ya kuikusanya nuru hupotea. Miwani ya kuzamia hurudisha hewa mbele ya jicho, na papo hapo mambo hudhihirika.

Hata hivyo, kioo hicho huleta udanganyifu wa namna yake. Nuru hupinda tena inapotoka majini na kuingia katika hewa iliyo ndani ya miwani. Samaki aliye umbali wa meta 4 huonekana kana kwamba yupo umbali wa meta 3, na ukubwa wake huonekana kuongezeka kwa kiasi cha theluthi moja. Si ajabu basi kwamba waogeleaji wengi husimulia habari za samaki wakubwa kuliko wale waliokuwapo.

Wanafunzi huuliza: kwa nini bomba la kupumulia ni fupi, kiasi cha sentimeta 40 tu? Je, mtu hangeweza kutumia bomba la meta moja na kutembea chini? Jibu limo katika somo la kanieneo. Kila meta moja ya kina huongeza kanieneo ya maji kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya kanieneo ya hewa. Tukichukua eneo la kifua kuwa sehemu moja ya kumi ya meta ya mraba, basi katika kina cha meta moja maji hukikandamiza kifua kama mzigo wa kilo 100, ilhali hewa inayotoka juu kwa bomba haina kanieneo ya kuusukuma mzigo huo. Misuli ya kifua haiwezi kufanya kazi hiyo kwa muda. Tena bomba refu hubakiza ndani yake hewa iliyokwisha kutumika, na mtu huivuta tena na tena.

Hapa pana onyo. Wako wanaopumua haraka haraka mara nyingi kabla ya kupiga mbizi, wakidhani kwamba wanajaza oksijeni. Kwa kweli wanapunguza hewa ya kaboni dayoksaidi mwilini, nayo ndiyo inayouamrisha mwili kupumua. Mzamiaji hupoteza fahamu kwa kukosa oksijeni kabla hajahisi haja ya kupumua, na wengi wamekufa maji kwa njia hiyo. Hapana budi kutofanya hivyo kabisa, wala kuogelea peke yako.

Asubuhi: mji wa wanyama wadogo

Jua la asubuhi linapoingia majini, mwogeleaji wa Bonaire huona matumbawe ya maumbo mengi: mengine mviringo yenye mikunjo kama ubongo, mengine yenye matawi mapana, na mengine laini yanayopepea kwa mkondo kama vipepeo vya ukili. Akitazama chini zaidi, rangi nyekundu hufifia kwanza, kwa sababu maji huimeza nuru nyekundu upesi kuliko buluu. Ndiyo maana vilindi huonekana vya samawati.

Tumbawe si jiwe wala mmea. Ni kundi la wanyama wadogo, kila mmoja akiwa na mdomo uliozungukwa na minyiri, ambao hujenga chini yao mifupa ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi viumbe wa chembe moja wanaotumia nuru ya jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humwendea tumbawe. Kwa hiyo tumbawe la kujenga mwamba huhitaji maji yapitishayo nuru. Maji yakipata joto kiasi cha nyuzi 1 tu kupita kipimo cha juu cha kawaida, na hali hiyo ikidumu kwa majuma kadhaa, ushirika huo huvunjika: viumbe wale hutoka, na tumbawe hubaki jeupe lenye njaa. Hivyo ndivyo ilivyotokea katika Karibi mwaka 2005 na tena mwaka 2023. Pwani ya Afrika Mashariki ilipatwa na maafa ya jinsi hiyo mwaka 1998.

Msomaji aliyekulia pwani atashangazwa na jambo jingine. Huko Bonaire hakuna kupwa na kujaa kwa maana tuijuayo sisi. Huku kwetu, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa meta 3 au zaidi, na watu hutembea juu ya miamba wakitafuta pweza. Katika Karibi tofauti hiyo mara nyingi haifiki nusu meta. Atakaye kuuona mwamba hana budi kuogelea.

Adhuhuri: walinzi wanaokula

Saa sita mchana, kwa masikio yaliyo majini, husikika sauti ya kukwaruza. Ni pono walao. Meno ya samaki hawa yameungana yakawa kama mdomo wa kasuku, nao hukwangua mwani juu ya mwamba pamoja na chokaa yenyewe. Chokaa hiyo husagwa kooni na kutoka ikiwa mchanga mweupe. Sehemu ya mchanga upendezao katika fukwe za Karibi imepita tumboni mwa pono.

Kazi yao ina thamani kubwa. Mwani hukua haraka kuliko tumbawe. Usipoliwa, huufunika mwamba, hulinyima tumbawe nuru, na kuwazuia watoto wa matumbawe kupata mahali pa kushika. Kwa sababu hiyo watu wa Bonaire walipiga marufuku kuvua samaki kwa mishale mwaka 1971, wakaanzisha hifadhi ya bahari mwaka 1979 inayokizunguka kisiwa chote toka ufukweni hadi kina cha meta 60, na mwaka 2010 wakakataza kuvua pono.

Mwaka miiba ilipotoweka

Pono hakuwa peke yake katika kazi hii. Hapo zamani miamba ya Karibi ilijaa mnyama mviringo mwenye miiba mirefu myeusi, ambaye wanasayansi humwita Diadema antillarum. Mchana alijificha mianyani, na usiku alitoka kula mwani. Waogeleaji walimchukia kwa sababu ya miiba yake.

Mwezi Januari 1983, wanyama hao walianza kufa karibu na mlango wa Mfereji wa Panama ulio upande wa Karibi. Miiba iliwapukutika, na baada ya siku chache hubaki ganda tupu. Ugonjwa ulisafiri kwa mikondo ya bahari, na katika muda wa mwaka mmoja na ushei ulikuwa umeenea karibu Karibi nzima. Zaidi ya 90 kwa kila 100 walikufa. Kisababishi cha ugonjwa ule hakikupata kujulikana.

Jamaica ndiyo iliyoonyesha matokeo kwa uwazi zaidi. Huko pono na wenzao walikuwa wamekwisha kuvuliwa mno, na kimbunga kiitwacho Allen kilikuwa kimevunja matumbawe mwaka 1980. Kazi yote ya kula mwani ilikuwa imebaki kwa mnyama mmoja. Alipokufa, hakuwako wa kuishika. Matumbawe hai, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1970 yalifunika karibu nusu ya miamba, yalibaki chini ya sehemu 5 kwa 100 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwani ukatawala.

Mwaka 2022 vifo vilianza tena katika Karibi. Safari hii watafiti walimgundua mwenye hatia: kiumbe wa chembe moja mwenye vinyweleo vya kuogelea. Haukupita muda, kiumbe huyo huyo akathibitika kuwaua jamaa za mnyama huyo katika Bahari ya Shamu, katika pwani ya Oman, na katika kisiwa cha Réunion kilichomo katika Bahari yetu ya Hindi.

Jioni: funzo kwa pwani yetu

Jua linapotua, pono huingia mianyani kulala, na baadhi yao hujifunika utando wa ute mwilini. Mwogeleaji hutoka majini akiwa ameona mwamba ulio hai, japo si wenye afya kama ule wa zamani.

Asihitimishe mtu kwamba wanyama wa miiba wakizidi ndipo mwamba hunufaika. Katika miamba ya Kenya iliyovuliwa mno, kikande na samaki wengine wanaokula wanyama hao walipungua, wanyama wa miiba wakaongezeka mno, wakaitafuna miamba yenyewe. Ndani ya hifadhi za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, samaki hao wapo na wanyama wa miiba ni wachache. Kinachoulinda mwamba ni kuwapo kwa viumbe wengi wafanyao kazi inayofanana, ili mmoja akianguka, wengine waendelee.

Walimu walio karibu na pwani wanaweza kuwapa wanafunzi wao kazi hii. Wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, pimeni juu ya mwamba mraba wa meta moja kwa meta moja, bila kung'oa wala kukanyaga tumbawe hai. Hesabuni wanyama wa miiba, na mkadirie eneo lililofunikwa na mwani na lile lenye matumbawe hai. Rudieni mahali pale pale kila mwaka, na kuyaandika matokeo katika daftari moja la shule. Vifo vya mwaka 1983 vilipimika tu mahali ambapo watu walikuwa wamehesabu kabla yake.