Mafua ya Julai: Uende job ama ubaki kwa keja?

Umeamka saa kumi na moja alfajiri, koo linawasha. Kamasi kidogo, kikohozi kimoja, viwili. Joto la mwili liko sawa, kichwa hakiumi. Nje ni ile baridi ya Julai ya Ukambani, mawingu mpaka saa nne, vumbi kila mahali. Miaka mingine usingejiuliza chochote. Ungepiga chai ya tangawizi, uvae jaketi, utoke. Lakini huu ni mwaka wa 2020, na umekaa kitandani ukijiuliza: hii ni baridi tu, ama ndiyo ile kitu?

Kama unaishi Kitui, Mwingi, Wote ama Emali, hilo swali limekuwa zito zaidi mwezi huu. Julai 6 Rais Uhuru Kenyatta aliondoa marufuku ya kuingia na kutoka Nairobi na Mombasa. Wasee waliokwama huko tangu Aprili wamekuja kuona wazazi. Mabasi ya Mombasa Road yanasimama tena Makindu na Mtito Andei. Na Kenya imeshavuka visa 10,000 vilivyothibitishwa.

Mimi si daktari, na hata chuo sikumaliza. Lakini kitu kimoja najua kuhusu sisi watu wa kibarua: ni wachache sana wanaoenda kazini wakikohoa kwa sababu ya kichwa ngumu. Wengi wanaenda kwa sababu siku bila kazi ni siku bila unga. Kwa hivyo ukimwambia mtu "baki nyumbani" bila kuongea kuhusu pesa, umemwambia hewa. Wacha tuongee yote mawili.

Ndogo kwako, kubwa kwa susu

Watu wengi wanaopata corona hawaugui sana, hasa vijana. Hapo ndipo shida iko. Dalili huanza siku tano au sita baada ya kuambukizwa, wakati mwingine hadi siku 14, na mtu anaweza kuambukiza wengine hata kabla hajaanza kukohoa. Zile siku za kwanza za kamasi, wakati unajiambia "ni kitu kidogo", ndizo siku unazosambaza zaidi.

Wewe utapona na chai yako. Lakini jioni unarudi kwa nani? Wengi wetu tunaishi na susu, ama Jumapili tunampelekea sukari na majani. Mtu wa miaka 70 mwenye presha au kisukari hapigani na huu ugonjwa kama wewe. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza, hata kabla ya mshahara.

Jiulize maswali manne

Moja: hii dalili ni mpya? Kama kila Julai unapiga chafya ukifagia vumbi na inaisha ukitoka nje, huenda ni mzio wako wa kawaida. Lakini kama kikohozi ni kipya, joto limepanda, mwili umechoka, ama huwezi kunusa kitunguu kikikaangwa, acha kubishana na mwili. Usitoke.

Mbili: umekutana na nani wiki mbili zilizopita? Binamu aliyefika juzi kutoka Eastleigh? Dereva wa lori uliyemhudumia Emali? Mazishi yaliyojaa watu? Kama jibu ni ndiyo, hata kamasi kidogo inahesabika.

Tatu: kazini unapumua hewa na nani? Kuuza maembe ama ndengu nje sokoni si sawa na kusuka nywele kwa saluni ya dirisha moja. Kiwanda ambapo mashine za kushona zimepangwa mstari kwa mstari si sawa na shamba. Wiki iliyopita Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba vyumba vilivyofungwa na vyenye watu wengi vina hatari yake. Na usisahau matatu. Hata kama ile ya watu 14 inabeba wanane siku hizi, dirisha likifungwa mnapumua hewa moja mpaka mwisho wa safari.

Nne: nyumbani unarudi kwa nani? Hilo umeshalijibu.

Kama jibu moja tu linakutia wasiwasi, baki. Na usiniambie una barakoa. Pale Kitui, kiwanda cha kaunti cha KICOTEC kinashona maelfu ya barakoa, na kutembea bila moja kunaweza kukuletea faini ya hadi Sh20,000. Vaa. Lakini barakoa si tiketi ya kwenda kukohoa kazini.

Sasa pesa

Hapa wengi hatujui haki zetu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inasema hivi: ukishamfanyia mwajiri kazi miezi miwili mfululizo, kila mwaka una haki ya siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu mshahara. Masharti ni mawili: umjulishe mwajiri mapema, na ulete barua ya daktari.

"Lakini mimi ni kibarua tu, nalipwa kila jioni." Soma kifungu cha 37. Ukifanyia mtu mmoja kazi mfululizo na siku zikafika mwezi, sheria haikuhesabu tena kama kibarua wa siku. Ukivuka miezi miwili, haki zinaanza kufanana na za wengine. Wadosi wengi hawatakuambia hili. Sasa umeambiwa.

Barua ya daktari si lazima ikumalize. Zahanati na vituo vya afya vya serikali viliondolewa ada mwaka wa 2013. Makueni, familia iliyojisajili kwa MakueniCare kwa Sh500 kwa mwaka inatibiwa hospitali za kaunti bila kulipa tena mlangoni. Ukitaka kuuliza kwanza, piga 719, ni bure.

Boda na mama mboga, nyinyi hamna mdosi wala kifungu cha 30, na sitawadanganya. Kama pikipiki ni ya mwenyewe na jioni anataka hesabu yake, mpigie asubuhi, mpe rafiki aiendeshe siku hizo mgawane kidogo. Kama una chama, leteni hoja kwenye mkutano ujao: kila mtu aongeze Sh20 kwa wiki kwa kikapu cha wagonjwa. Ni pesa kidogo, lakini inaweza kumnunulia mwenzenu siku tatu za kutulia.

Usiogope jina

Kuna wanaotoka wakiugua kwa sababu wanaogopa karantini. Ni kweli Aprili watu walilipishwa karibu Sh2,000 kwa siku, na hiyo hofu haijaisha. Lakini tangu Juni, wizara imeruhusu mgonjwa asiye na dalili kali kutunzwa nyumbani kama ana chumba chake. Na jirani akikuita "corona" kwa sababu umebaki ndani siku tatu, mwache aseme. Ni afadhali uitwe hivyo kuliko umpelekee mama yake.

Na wewe mdosi unayesoma hii: mfanyakazi mmoja akikosa leo, umepoteza siku moja. Akija akikohoa, wiki ijayo unaweza kufunga duka lote. Mwambie mapema kwamba nafasi yake iko, na usingoje akuombe.

Kwa wengine wetu, kazi ngumu ni kuandika ile meseji. Iandike usiku ukianza kuhisi koo, usingoje saa kumi na mbili asubuhi wakati mdosi tayari ana hasira. Nakili hii, ubadilishe jina:

"Habari ya jioni bosi. Tangu leo nakohoa na koo linauma. Sitaki kuambukiza wenzangu ama wateja. Kesho asubuhi naenda zahanati, nitakutumia barua ya daktari. Nimeongea na mwenzangu atashika zamu yangu. Nikipata nafuu nitakujulisha. Asante."