Moto Usioonekana Kiwandani



Kibarua wa Namatala anayetafuta kazi viwandani, Mbale penyewe au Jinja, amezoea kuogopa moto anaouona: tanuri, mvuke, chuma chekundu. Uko na mwingine usioonekana, nao hutumika kugandisha gundi.

Mwaka 2019 ulianza ujenzi wa kiwanda cha magari cha Kiira huko Jinja, kwa hiyo kazi za magari si za Ulaya peke yake. Chukua mlango wa gari. Ni mabati mawili. Ukingo wa bati la nje hukunjwa juu ya lile la ndani, na katikati hupakwa gundi. Gundi hiyo haigandi sawasawa bila joto. Katika tanuri huchukua kama nusu saa. Mtambo wa umeme huifanya ishike mabati kwa muda usiofika dakika moja.

Asili yake ni uvumbuzi wa Michael Faraday, Uingereza, mwaka 1831. Bomba la shaba lililozungushwa hupitishwa umeme unaogeuka upande maelfu ya mara kwa sekunde. Chuma kilicho karibu huzaa umeme ndani yake, kikapata moto chenyewe; chuma ndicho kinachopika gundi. Ubao na plastiki havipati joto hilo.

Hapo ndipo penye hatari. Mtambo haujui tofauti ya mlango na pete ya ndoa. Pete, saa au bangili yaweza kukuunguza kabla hujatambua. Mwenye kifaa cha umeme cha kusaidia moyo asiukaribie kabisa. Gundi nayo hutoa moshi; za epoksi huleta upele, na zenye isosayaneti huleta pumu.

Meneja atausifu kwa haraka yake. Haraka ni faida, lakini ya nani? Gundi iliyoharakishwa mno huweza kuwa ngumu pembeni na mbichi katikati. Mlango ukibanduka, lawama humwangukia fundi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi. Basi kabla mtambo haujafungwa, ulizeni katika mkutano wa tawi: feni ya kuvuta moshi itawekwa wapi? Glavu je? Nani atafundisha? Na ndugu zetu wa tanuri watapewa kazi gani?

Pete ikikataa kutoka, jaribu sabuni na maji baridi. Ikikataa bado, mwenye pete apangiwe kazi nyingine siku hiyo, bila kukatwa mshahara.