Wafenia Wavuka Mto Niagara

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwasimulie habari za watu waliotaka kuikomboa nchi yao wakiwa ng'ambo ya bahari.

Nchi yenyewe ni Ireland, iliyotawaliwa na Waingereza. Mwaka 1845 viazi, chakula cha maskini, viliingiwa na ugonjwa vikaozea ardhini. Njaa ile iliua watu wapatao milioni moja. Wengine zaidi ya milioni walipanda meli, wengi wakaenda Marekani. Waliondoka na uchungu, maana watu wakifa njaa, nafaka ilikuwa ikipakiwa melini kwenda Uingereza.

Mwaka 1858, mjini New York, John O'Mahony akaanzisha chama cha Wafenia ili kuipigania Ireland. Miaka mitatu baadaye Wamarekani wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini dhidi ya Kusini. Wairishi kama 150,000 waliingia jeshi la Kaskazini. Vita vilipokwisha mwaka 1865, walikuwa wamekwisha kuizoea bunduki.

Lakini Ireland ilikuwa mbali, na baharini kulijaa manowari za Mwingereza. Kanada, koloni lake, ilikuwa hapo hapo jirani. Basi wakasema: tuikamate Kanada, tuishike rehani mpaka Ireland iachiwe!

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni 1866, John O'Neill, aliyewahi kuwa askari wa farasi, aliwavusha mamia ya wenzake Mto Niagara kwa matishari, wakaingia Kanada. Kesho yake, huko Ridgeway, wakakutana na askari wa mgambo wa Kanada. Baadhi yao walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, hawajawahi kuonja vita. Mara ukapigwa ukelele: "Farasi! Farasi!" Vijana wakajibana wakafanya umbo la mraba, kama walivyofundishwa kuwazuia farasi. Kumbe kikosi cha farasi hakikuwapo! Kusanyiko lile likawa shabaha rahisi, safu zikavurugika, wakarudi nyuma mbio.

O'Neill alishinda, lakini msaada haukuja. Marekani haikutaka kugombana na Uingereza, ikaufunga mto kwa meli zake. Wafenia walipojaribu kurudi, wakakamatwa majini.

Hofu ya Wafenia ikawahimiza Wakanada kushikamana, na mwaka 1867 makoloni yao yakaungana kuwa nchi moja. Sehemu kubwa ya Ireland ilisubiri mpaka 1922 kujitawala.

Wajukuu zangu, ipendeni nchi yenu, lakini msimtwishe jirani deni la mtu mwingine. Wanafunzi wale hawakuwa wamechukua nafaka ya mtu.