Foleni ya Barua Pepe: Kuisimamisha na Kuirudisha Kazini

Huenda umekabidhiwa seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine, na leo umeambiwa usimamishe foleni ya barua. Ukisita, una haki. Unajiuliza: nikisimamisha, si barua za watu zitapotea?

Hazipotei. Tutazame Postfix, programu ya kusafirisha barua aliyoiandika Wietse Venema na kuitoa kwa umma mwaka 1998. Barua inapofika, Postfix huiandika kwanza kwenye diski, ndipo humjibu mtumaji kwa namba 250: nimeipokea. Hapo ndipo dhamana inapohama. Anayejibu 250 amekubali ama kuifikisha barua, ama kumrudishia mwenyewe taarifa kwamba imeshindikana. Jambo hili moja lishike vizuri, kwa kuwa amri zote zinazofuata zimesimama juu yake.

Foleni, basi, ni mahali kwenye diski ambapo barua hungojea zamu. Ziko kadhaa, anza na tatu. Active ni ya barua zinazoshughulikiwa sasa hivi. Deferred ni ya zilizokwama, labda kwa kuwa seva ya upande wa pili haijibu. Hizo hujaribiwa tena na tena kwa muda wa siku 5, usipoubadilisha. Hold ni ya zilizozuiliwa kwa makusudi. Andika mailq uzione: yenye alama ya nyota iko active, yenye alama ya mshangao iko hold.

Wengi huchanganyikiwa hapa, kwa sababu kusimamisha kuna namna mbili. Amri ya postfix stop hufunga duka zima: hutumi, hupokei. Seva za wenzako zikikukosa hubaki na barua zako katika foleni zao, zikirudi kubisha baadaye. Lakini postsuper -h ALL huzuia barua zilizokwisha kuingia tu. Mpya huendelea kupita. Nywila ya mtu ikiibwa na akaunti yake ikaanza kumwaga barua taka, mimi huifunga akaunti kwanza, kisha hutumia amri hii ya pili, nikachambua taratibu bila kufuta barua halali ya mtu mwingine.

Kurudisha kazini ni postfix start kwa namna ya kwanza, na postsuper -H ALL kwa ya pili; angalia herufi H imekuwa kubwa. Usikimbilie postqueue -f, inayotaka zote zijaribiwe papo hapo. Barua elfu zikimwangukia mpokeaji mmoja kwa pamoja, anaweza kukufungia mlango.

Na kama ulizizuia kwa siku nyingi, tumia postsuper -r ALL badala ya -H. Umri wa barua uliendelea kuhesabiwa ilipokuwa hold. Amri hii ya -r, yenye herufi ndogo, huiingiza upya kwenye foleni, na siku zake 5 huanza tena.